Mahali Ilipopigwa Picha ya Baba

 

Safari hii tunawaletea habari za matembezi, lakini si ya mbali. Hatukupanda gari isipokuwa siku moja tulipokwenda Mbarara. Siku nyingine zote tulitembea kwa miguu humu humu Nakivale, na mahali pa mbali kuliko pote palikuwa mwendo wa saa mbili. Sisi ni ndugu watatu: Yaya, ndivyo tunavyomwita dada yetu mkubwa, mwalimu wa kujitolea ambaye ndiye anayeshika kalamu, na mdogo wetu wa kiume. Maneno ni ya sisi sote. Tuliyasoma kwa sauti mbele ya Mama kabla ya kuyaleta hapa, na pale alipotikisa kichwa tulifuta.

Sababu ya matembezi ni Yaya. Mwishoni mwa mwaka 2024 yeye, mume wake na watoto wao wawili walikuwa wamemaliza vipimo vya daktari na masomo ya safari. Waliambiwa wajiandae kwa mwezi wa pili. Mama hakulia. Alisema tu, “Hao wajukuu wangu watakua huko bila kujua hata maji yaliyomlea mama yao.” Kesho yake akatuambia tutafute simu nzuri, twende tupige picha mahali pote tulipochezea utotoni, ili watoto waende nazo. Ilikuwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa. Mwalimu mwenzetu akatuazima simu yake yenye kamera safi. Tukaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, maana siku hizi ukionekana unapiga picha vilima na nyumba za watu utaulizwa umetumwa na nani.

Lazima tuseme kwanza habari ya picha ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyotutembeza.

Nyumbani kwetu tulikuwa na picha moja tu ya utotoni. Ilipigwa mwaka 2009. Tulikuwa tumekimbia Kiwanja, wilaya ya Rutshuru, wakati wa vita vya mwezi wa kumi na wa kumi na moja 2008, tukavuka mpaka kwa Ishasha, baadaye malori yakatuleta huku. Waliokuwapo miaka ile watakumbuka wapiga picha waliokuwa wakizunguka kambini kwa baiskeli na kamera za filamu, rola moja picha 36. Ukishapigwa unalipa nusu, yeye anasubiri rola iishe, anaipeleka Mbarara kusafishwa, halafu unaanza kumsubiri. Kuna watu wanawasubiri hadi leo. Wetu alirudi baada ya wiki tatu.

Katika picha Baba amesimama katikati, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Mama amejifunga kikwembe cha kijani. Mdogo wetu yuko mgongoni kwake, linaonekana sikio tu. Yaya na mwalimu wa leo wamesimama mbele, pekupeku, macho yamefinywa kwa jua. Juu yao kuna mgunga mkubwa uliotanda kama mwavuli. Nyuma ni nyasi, halafu mstari wa ziwa unaong'aa, halafu vilima. Hakuna nyumba, hakuna mtu mwingine, hakuna kitu chochote cha kambi. Ukimwonyesha asiyejua atasema hii familia imekwenda kutalii.

Baba alifariki mwaka 2011. Hiyo picha ndiyo sura yake pekee tuliyo nayo, na mdogo wetu anamjua Baba kwa picha hiyo tu. Pembe moja imeingiwa na mvua na uso wa Baba umeanza kupata madoa ya njano. Tulitaka kupata mahali pale pale, tusimame chini ya mgunga ule ule, tupigwe tena. Hilo tuliliacha la mwisho. Tulianza na mahali rahisi.

Pa kwanza ni Jiwe la Mashati. Msilitafute kwenye ramani, jina ni letu. Foleni ya bomba ilipokuwa ndefu Mama alitutuma ziwani na nguo za kufua, na zile za shule tulizianika juu ya jiwe moja lililokaa karibu na mafunjo. Wakati nguo zinakauka tulikaa juu yake kuangalia furukombe akishuka kubeba samaki, na korongo wenye taji wakitembea kwenye majani kama watu wenye mali. Jioni lazima uondoke mapema kwa sababu ya viboko. Njia yao ilipita pale pale, tope limechimbika kama limepitiwa na pipa. Katika kumbukumbu zetu lile jiwe lilikuwa kubwa kama nyumba. Yaya alikuwa akitupandisha kwa kutuvuta mikono.

Tulipolifikia, Yaya alicheka mpaka akakaa chini. Jiwe linamfika kiunoni! Tulibishana kama ndilo lenyewe, hadi mdogo wetu akaona ile mikwaruzo ya kunolea panga upande wa chini. Ndilo. Tukampiga Yaya picha akiwa ameweka mkono juu yake kama mtu anayemshika mtoto kichwani.

Mafunjo yamerudi nyuma, na palipokuwa matope ya viboko sasa kuna mashamba ya nyanya na kabichi. Tunaeleza tulichoona, hatulaumu mtu. Kabichi zile wengi wetu tunazila. Lakini inafaa watoto wetu wajue kwamba vinamasi hivi si mahali pa ovyo. Tangu mwaka 2006 maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale vimo katika orodha ya Ramsar, ule mkataba wa mwaka 1971 wa kulinda ardhi zenye maji duniani. Ng'ambo kidogo ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, yenye punda milia na swala pala, na tangu 2015 hata twiga walioletwa kutoka Murchison. Sisi tulikuwa tunafulia mashati mahali panapojulikana hadi Ulaya, na hakuna aliyetuambia.

Pa pili ni kilima cha nyonza. Vijana wa sasa sijui kama wanazijua: vitunda vyeusi vyenye maziwa ya kunata, miti yake ina miiba inayochoma hadi mfupani. Tulipokwenda kutafuta kuni na Mama tulikula nyonza hadi meno yanakuwa zambarau, na Baba akituona anajua tulipokuwa. Kilima kilikuwa na migunga na vichaka, na ng'ombe wa Wanyankole wakipita katikati, zile pembe ndefu zikionekana juu ya majani kabla hujamwona ng'ombe mwenyewe.

Kutoka juu bado unaona ziwa lote. Lakini kilima chenyewe sasa ni nyasi fupi na mawe, na mstari mmoja wa mikaratusi iliyopandwa. Nakivale ni makao ya wakimbizi tangu mwaka 1958. Walioanza ni Wanyarwanda wa wakati ule, halafu wakaja wengine, Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia, na leo tumepita watu 150,000. Kila nyumba inapika, na wengi wanapika kwa kuni au makaa. Hesabu ni hiyo tu. Nyonza tulizipata mbili, kwenye ufa wa mwamba ambako panga halifiki. Hazikuwa zimeiva, lakini tulizila.

Picha ya kilima haikupendeza. Mdogo wetu alitaka kuikata chini ibaki ziwa na anga peke yake. Yaya akakataa. Akasema, “Nikiwaonyesha watoto anga, anga ipo kila mahali.” Tukaiacha na visiki vyake.

Sasa mgunga. Tulifikiri tungeukuta kwa nusu saa. Ilituchukua siku tatu.

Siku ya kwanza tulimfuata Yaya, aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati ule na ana uhakika na kila kitu. Akatupeleka mahali pasipofanana kabisa. Siku ya pili tulimfuata mwalimu, ikawa vile vile. Kila palipokuwa na uwanja sasa pana nyumba, kila palipokuwa na njia pana ukuta wa udongo au choo cha mtu. Siku ya tatu mdogo wetu, ambaye hakumbuki chochote, akachukua picha akasema tuache kukumbuka, tuangalie vilima.

Huu ujanja tunaueleza maana wengine mtauhitaji. Miti hukatwa, nyumba hujengwa, njia huhama, ila vilima haviendi popote. Katika picha ya Baba kuna kilima kirefu cha mbali upande wa kushoto na kilima kifupi cha karibu upande wa kulia, na kati yao kuna pengo kama la meno ya mbele. Ukitembea kwenda kulia, pengo linajifunga. Ukienda kushoto, linafunguka. Basi unatembea na picha mkononi, polepole, hadi pengo la vilima liwe sawa na pengo la kwenye picha. Hapo umepata mstari. Halafu unakwenda mbele au unarudi nyuma juu ya mstari huo, ukiangalia ziwa limekaa juu kiasi gani. Jambo moja la kuangalia: simu inaonyesha vilima vidogo na vya mbali kuliko kamera za zamani, kwa sababu jicho lake ni pana. Usikimbilie kusogea, utapoteza mstari. Simama hapo hapo, vuta kwa vidole viwili hadi vilingane.

Tuliambiwa baadaye na mwalimu wa jiografia kwamba hata watu wa sayansi hufanya hivyo. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda Ruwenzori na msafara wa mwanamfalme wa Abruzzi, akapiga picha za barafu kule juu. Waliopanda miaka mingi baadaye na kutafuta pale pale aliposimama wamekuta barafu imebaki kidogo sana. Bila picha za Sella wangebishana kama sisi siku ya kwanza.

Mstari wetu ulitupitisha kwenye njia ya boda, nyuma ya duka la mtu, ukatuingiza katika shamba la maharage. Mwenye shamba ni bibi wa Burundi aliyekuja mwaka 2015. Alitoka na jembe akatuuliza kwa Kirundi tunatafuta nini katika maharage yake. Tulijibu kwa Kinyarwanda chetu cha Rutshuru, tukaelewana, tukampa picha. Aliishika mbali na macho, kama wafanyavyo wazee, akaangalia vilima, akaangalia picha, akaangalia tena vilima. Halafu bila kusema neno akatuongoza hadi nyuma ya jiko lake.

Kulikuwa na kisiki, kipana kama meza ya chai, kimelainika juu. Alikikuta hivyo hivyo alipopewa kiwanja. Vijana walijaribu kukichimba wakashindwa na mizizi, basi akakifanya kiti chake cha asubuhi, hapo ndipo anapochambua maharage. Tulisimama kimya. Yeye ndiye aliyesema, “Kumbe kila siku nakaa alipokuwa amesimama baba yenu.” Mdogo wetu akaenda nyuma ya nyumba, na tulimwacha.

Tulipigana picha pale, sisi watatu kuzunguka kisiki. Nafasi ya Baba katikati hatukuijaza. Bibi mwanzoni alikataa kupigwa, halafu akaingia ndani akatoka na kitenge kipya na kiremba, akakaa kwenye kiti chake. Vilima viko nyuma yake kama vilivyokuwa nyuma ya Baba, pengo lile lile. Ziwa halionekani, limezibwa na mabati ya jirani.

Usiku tulimwonyesha Mama kwenye simu. Alitazama picha ya kisiki kwa muda, akaigusa kwa kidole ikakimbia, tukamrudishia. Akasema, “Mmepata mahali. Lakini mmeangalia upande mmoja kama yule mpiga picha. Mbona hamkugeuka?”

Hatukuelewa. Ndipo akatueleza jambo ambalo kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kutuambia, pengine kwa sababu hatukuwahi kumuuliza. Tulikuwa tumezoea kwamba Baba alipenda ule mti. Kumbe Baba hakuwa na habari na mti. Nyuma ya mpiga picha, hatua labda hamsini, ndipo zilipokuwa nyumba zetu za shitingi, safu kwa safu, moshi, matope na mistari ya nguo. Baba alitaka nakala moja ipelekwe Kiwanja kwa Babu, ambaye alikuwa amekataa kukimbia akabaki na ng'ombe wake wawili. Na hakutaka Babu aone shitingi hata moja. Alimtembeza mpiga picha na baiskeli yake karibu saa nzima, huku na huku, akitafuta kona ambayo ukiangalia hauoni kambi. Mpiga picha alikasirika akataka kuongezewa pesa. Kona ilipopatikana ilikuwa ni hiyo ya mgunga. Baba akasema, “Hapa. Mzee akiona hapa atalala.”

Nakala iliondoka mwaka 2010 ndani ya daftari la msafiri mmoja, na ilifika. Tunajua ilifika kwa sababu mwisho wa 2022, baada ya M23 kuchukua Rutshuru na Kiwanja mwezi wa kumi, binamu yetu alikimbilia huku na siku ya kwanza tu alitutambua. “Nyinyi ndio wa kwenye mti!” Alisema picha ilitundikwa sebuleni kwa Babu karibu na kalenda, na kila mgeni aliambiwa kwamba mtoto wake ana shamba Uganda kando ya ziwa. Babu alifariki akiamini hivyo. Binamu mwenyewe alipoletwa na lori kutoka mpakani alikuwa akitafuta hilo shamba kwa macho. Tulicheka sana siku ile. Usiku huu tulipomkumbuka hatukucheka.

Na Mama, kwa kuwa ulimi ulikuwa umefunguka, akaendelea. Akatuambia kuhusu nyumba ya Babu, kwamba usiku mawingu ya upande wa Nyamulagira yalikuwa mekundu na watoto walilala kwa mwanga huo kama taa. Akatuambia kuhusu Mai ya Moto, mahali maji yanapotoka ardhini yakichemka, ambako alipelekwa akiwa msichana aliyeumwa mguu. Kwake hivyo ndivyo vitu vya utoto. Ya kwetu ni jiwe na nyonza za hapa. Yeye hana picha hata moja ya kule, na hatujui kama atapata. Yaya aliandika yote kwenye daftari la shule hadi mshumaa ukaisha.

Asubuhi tulirudi kwa bibi wa kisiki. Tukasimama juu ya mstari, na tukageuka.

Tunaamini hiyo ndiyo picha bora katika zote, ingawa si nzuri. Kuna mabati mapya yanayomeremeta na mabati ya zamani yenye kutu. Kuna nyumba moja ya udongo ambayo juu yake bado imefunikwa shitingi, maandishi yamefutika. Kuna mnara wa simu. Kuna mwanamke anaanika nguo, na watoto kama kumi na watano waliokuja mbio walipoona simu. Mbele kabisa ni kivuli cha sisi watatu, kwa sababu jua lilikuwa mgongoni. Yaya alisema, “Hii ndiyo nilitaka.” Tangu hapo tuliamua kila mahali tupige picha mbili, moja kwa kuangalia na moja kwa kugeuka. Tulirudi hata kwenye jiwe na kilimani kwa ajili hiyo. Mtu akikuonyesha picha nzuri ya mlima au ziwa, si vibaya kumuuliza nyuma yake kulikuwa na nini.

Baada ya Krismasi tukaenda Mbarara kuchapisha. Tulipanda teksi mapema, tukapita Kabingo na Kaberebere, ndizi pande zote mbili, hadi mjini. Wilaya yetu ya Isingiro ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005, na Mbarara yenyewe imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, lakini kwa wazee wetu bado ni “kwenda Mbarara” tu, maana yake hospitali, barua au picha. Kijana wa studio alituuliza kama hatutaki aondoe vile visiki kwa kompyuta na kuweka majani. Anafanya bure, alisema. Tulimshukuru tukakataa. Kwa picha ya Baba tulimruhusu aondoe madoa ya njano usoni, hakuna kingine, na aliifanya vizuri.

Wakati zinachapwa tulishuka mtoni. Mto Rwizi unapita kando ya mji, ng'ambo yake kilima cha Nyamitanga na kanisa lake. Mwaka 2011 Baba alilazwa mjini hapa wiki tatu na sisi tulikuja na Mama kumuuguza. Mchana alitupeleka Rwizi kufua mashuka, na kwetu ilikuwa kama sikukuu, mto mkubwa na daraja. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mnyankole, alimwambia Baba kwamba mto huu unatoka milima ya Buhweju na unakwenda kuingia katika maziwa ya upande wetu, Mburo na Nakivale, kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Baba alilipenda hilo. Jioni tuliporudi na mashuka alituuliza, “Mmeyasalimia maji? Yanatangulia nyumbani.” Alisema nyumbani. Yaya analikumbuka neno hilo kwa sababu Baba hakuwahi kuiita Nakivale hivyo kabla.

Mto sasa ni wa rangi ya chai ya maziwa. Kingo zimeliwa, watu wanachota mchanga, wengine wanaosha boda. Tulipiga mbili zetu, moja ya maji na moja ya kugeuka: mji, maghorofa, matangi meusi ya maji juu ya mapaa. Halafu tukarudi kuchukua picha kabla teksi za jioni hazijajaa.

Safari ya Yaya ilisimama mwezi wa kwanza 2025, kama zilivyosimama za familia nyingi mnazozijua, nasi hatuna la kuongeza katika hilo. Mkoba uko chini ya kitanda, umefungwa kwa kamba. Albamu peke yake ndiyo imetolewa, kwa sababu watoto waliidai. Wanaijua yote. Yule mkubwa amekwishatupeleka Jiwe la Mashati yeye mwenyewe, akiwa mbele, akitusahihisha njia, na jiwe kwake ni kubwa kama nyumba. Ilibidi tumvute mikono. Bibi wa kisiki tulimpelekea nakala zake mbili. Ile ya kitenge kipya ameitundika. Ya kugeuka ameiweka ndani ya kabati, anasema mabati ya jirani anayaona kila siku bila picha.

Tuna ombi moja. Yule mpiga picha wa baiskeli wa mwaka 2009 hatumjui jina. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya kijani, na baiskeli yake ilikuwa na kengele mbili. Tungependa kujua kama bado ana filamu zake au kama aliziacha mahali, maana filamu ikiwa safi uso wa Baba unaweza kuchapwa upya. Na rola ni picha 36: yetu ni moja, nyingine ni za familia nyingine za hapa, huenda zenu. Anayejua alipo amwambie mwenyekiti wa kijiji chake au alete habari kwa wanaotayarisha jarida hili. Wenye picha za zamani za Nakivale, hata zilizoharibika, Jumamosi mchana tunakuwa shuleni na tutawasaidia kutafuta vilima.